Sange Dalali na Chui Aliyetaka Mtaa wa Mwaka Mzima

Paukwa!

*Pakawa!*

Kisiwa?

*Kimezungukwa!*

Na nini?

*Na maji!*

Mwenye kiu je?

*Hayanywi!*

Haya, sogeeni. Asikae mtu ameupa mlango mgongo, maana hadithi hii ina kucha.

Hapo kale palikuwa na kisiwa, na kisiwani palikuwa na Sange. Sange ni mnyama mdogo, ukimwona haraka utasema panya, ila pua yake ni ndefu kama mrija na miguu yake ya nyuma ni ya kuruka. Sange huyu alikuwa mama wa mtoto mmoja, jina lake Chepesi. Na kazi yake ilikuwa udalali. Ndege akitaka mti wa kujenga kiota, anamwendea Bi Sange. Kobe akitaka kivuli, anamwendea Bi Sange. Alikijua kisiwa chote, penye upepo na pasipo upepo, panapofurika masika na panapokauka kiangazi.

Masange wana mazungumzo yao ya miguu. Bi Sange alimfundisha mwanawe tangu hajafungua macho vizuri. Akipiga chini *ti-ti-ti-ti*, maana yake tulia, usipumue. Akipiga *tu! tu!*, maana yake ruka, usiulize.

"Maneno yangu waweza kuyasahau," alimwambia. "Miguu yangu usiisahau."

Siku moja asubuhi, gogo kubwa lilitupwa ufukweni. Mto wa bara ulikuwa umeling'oa na kulisukuma baharini. Na juu ya gogo alikuwa amelala Chui.

Kisiwa kile hakikuwa kimewahi kuona chui. Hawakujua hata kumkimbia.

Chui akajinyoosha, akajikung'uta maji, akapanda juu mpaka kwa Bi Sange. Kisiwani kwao hodi hupigwa mara tatu, na usipojibiwa unarudi ulikotoka. Chui alipiga mara moja, na kabla sauti haijaisha kichwa chake kilikwisha ingia ndani.

"Wewe ndiye dalali?"

"Ndimi, bwana. Karibu."

"Nataka mtaa. Sitaki wa kutembea nikaondoka. Nataka wa kukaa mwaka mzima, masika, kiangazi, kusi na kaskazi. Bara nimepachoka. Joto, vumbi, na majirani wamekwisha."

"Wamekwisha, bwana? Wamehama?"

"Wamekwisha," alisema Chui, akajilamba mdomo.

Bi Sange alitaka kusema leo hafanyi kazi. Lakini Chui alinyoosha mkono taratibu, kama anayeokota embe, akamweka Chepesi chini ya kucha zake.

"Huyu nitatembea naye. Nikipata mtaa ninaoupenda, utamchukua. Nisipoupata, nitamla yeye, kisha wewe. Tangulia, Dalali."

Bi Sange akatangulia. Nyuma yake zilisikika nyayo za Chui, *pwa, pwa, pwa*, na Chepesi akiwa kinywani mwake, ameshikwa kwa ngozi ya shingo. Halii. Anamtazama mama yake tu.

Wakafika mtaa wa Bondeni. Bondeni pana maji, pana majani, pana kivuli. Chui akamweka mtoto chini ya mguu, akauliza:

"Masika je?"

"Panalowa kidogo, bwana."

"Kiangazi je?"

"Maji hayakauki."

"Na majirani je?"

Kabla Bi Sange hajajibu, Bibi Bata akatoka kwake anayumba, *we-le, we-le*. Alikuwa mkongwe na macho hayaoni mbali.

"Aa, Bi Sange mwanangu, umetuletea jirani! Karibu, baba, karibu. Kibanda changu kidogo, lakini hatulali njaa hapa."

"Ahsante, bibi," alisema Chui. "Mimi pia sipendi kulala njaa."

*Krap!*

Manyoya mawili yakapanda juu, yakarudi chini polepole. Hakuna kingine kilichobaki.

"Nilikuwa naonja mtaa," alisema Chui. "Mtaa mgumu huu. Una mifupa mingi. Nionyeshe mwingine."

Bi Sange akatangulia tena. Ni yeye aliyemleta. Bibi Bata alimwita mwanangu, naye ndiye aliyemletea yule mgeni mpaka mlangoni. Akaona kwamba kila mtaa atakaompeleka Chui, anaupelekea kifo.

Mbele yao ulikuwa mtaa wa Mitini, wanakokaa kanga, nguruwe, paa na pelele. Bi Sange akaanza kupiga miguu huku anatembea, *ti-ti-ti-ti, ti-ti-ti-ti*.

"Una nini?" aliuliza Chui kwa pembe ya mdomo.

"Siafu, bwana. Wameniingia miguuni."

Wanyama wa Mitini walisikia. Si wote wanaojua lugha ya masange, lakini hofu haihitaji mkalimani. Kanga wakaingia vichakani. Nguruwe akalala matopeni, ikabaki pua. Paa akasimama nyuma ya mti akawa kama mti. Chui alipofika, hakukuwa na hata jani linalotikisika.

"Masika je?"

"Panapitika, bwana."

"Kiangazi je?"

"Kuna kivuli cha kutosha."

"Na majirani je?"

Bi Sange akajifanya anakung'uta siafu.

"Nauliza, majirani je?"

"Labda wamekwenda arusini, bwana."

Chui akamkandamiza Chepesi kidogo, kidogo tu, mpaka mtoto akatoa sauti nyembamba, *kwii*.

"Sikiliza, Dalali. Mtaa bila majirani si mtaa. Umenionyesha mmoja mtupu. Ukinionyesha wa pili mtupu, huyu hapa ndiye atakuwa jirani yangu wa kwanza."

Sasa jamani, mnaona alivyobanwa? Akimpeleka penye majirani, wanakufa majirani. Akimpeleka pasipo na majirani, anakufa Chepesi. Bi Sange alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama bahari.

Bahari haikuwepo.

Ilikuwa imekwenda mbali kabisa, kule kwenye mwamba, imebaki mstari mweupe tu. Mchanga ulikuwa mtupu na mkavu. Zilikuwa siku za bamvua. Mtoto yeyote wa kisiwani anajua kwamba katika siku hizo bahari hujitoa mbali kuliko siku zote, na ikirudi, huingia ndani kuliko siku zote. Wenyeji wakiiona imekwenda mbali hivyo, huwaita watoto wao mapema. Mgeni akiiona, hufurahi na kutandika mkeka.

"Bwana," alisema Bi Sange, "nilikuwa nakuficha mtaa mmoja. Tumeuweka kwa wakubwa tu. Unaitwa Pangoni. Unatazama bahari."

"Bahari yenyewe iko wapi?"

"Ile kule, bwana, ule mstari. Haina hata kelele."

Chui akacheka. "Umbali huo hata hainitoi usingizi!"

Wakashuka. Pango lilikuwa chini ya jabali la ufukweni. Mlango wake ulikuwa mwembamba na uko chini, lazima uingie kwa tumbo. Ndani kilikuwa chumba kipana, cha baridi, kilichoinuka kidogo, na juu kabisa nyuma palikuwa na tundu dogo linaloingiza mwanga. Kuta zote zilijaa magamba ya chaza, kutoka chini mpaka juu.

"Hawa ukutani ni nani?"

"Wapangaji wadogo, bwana. Hawasemi na mtu."

"Mbona wamepanda mpaka juu?"

"Wanapenda hewa."

Chui akanusa. "Masika je?"

"Mvua haiingii."

"Kiangazi je?"

"Umeiona mwenyewe baridi yake."

"Na majirani je?"

"Majirani wa hapa huja wenyewe, bwana. Hii ndiyo desturi ya Pangoni. Mtu akihamia, siku ya kwanza jirani zake wote huja kumkaribisha, mmoja baada ya mwingine. Kanga na wanawe, Nguruwe na unono wake, Paa na mkewe. Wanapiga hodi, nawe unajibu *karibu, ingia mpaka ndani*. Lakini mwenye nyumba hukaa kule nyuma kabisa. Hatoki kuwalaki mlangoni. Akitoka kabla hawajaisha, huonekana ana roho mbaya, na wote hurudi makwao."

Mate yalikuwa yanamdondoka Chui, *to, to, to*.

"Na mtoto huyu?"

"Bwana, jirani wakimwona mtoto wa watu chini ya kucha watakimbia. Mweke nyuma yako, pale penye tundu. Mlangoni hawezi kupita, umejaza njia wewe."

Chui akanyanyua mkono, akapima tundu. Kiganja chake hakikupita. Akacheka tena. "Hapo hata pumzi yangu haipiti. Nenda kaniitie jirani zangu, Dalali. Wakichelewa, nitaanza na huyu."

Bi Sange akatambaa nje. Hakumwangalia mwanawe. Angemwangalia, asingeweza kutoka.

Akapanda juu ya jabali, akajilaza pembeni mwa tundu, akasubiri. Jua lilipita katikati, likaanza kushuka. Na ule mstari mweupe, polepole, ukaanza kuwa mnene. Chini, Chui alikuwa akinguruma: "Dalali! Wako wapi? Naona njaa!"

Alasiri maji yaligusa mlango wa pango. *Chwaa.*

Bi Sange akaingiza pua yake ndefu pembeni mwa tundu, akabana sauti. Pango likaichukua ile sauti na kuizungusha, isijulikane inatoka wapi.

"Hodi! Mimi Kanga, nimekuja na wanangu!"

"Karibu, Kanga!" alisema Chui kwa sauti tamu. "Ingia mpaka ndani!"

*Chwaa. Chwaa.*

"Mbona miguu yangu imelowa?"

"Ni Kanga," alijibu Bi Sange kwa sauti yake mwenyewe, "ametanguliza maji ya kukunawisha miguu, bwana. Ndiyo desturi."

"Aa. Desturi nzuri."

"Hodi! Mimi Nguruwe, mnono, napita kwa shida!"

"Karibu, Nguruwe! Jivute, jivute, ingia mpaka ndani!"

*Chwaaa. Chwaaa.*

"Maji ya Nguruwe yamefika tumboni!"

"Nguruwe hana kipimo, bwana, unamjua. Usitoke tu, bado kidogo waishe."

Hapo ndipo Bi Sange akapiga miguu juu ya jabali. *Tu! Tu!*

Hakuna kitu.

*Tu! Tu!*

Hakuna kitu. Chepesi alikuwa amebanwa na hofu, macho wazi, maji yanamfika shingoni.

"Nini hicho kinachogonga?" aliuliza Chui, na sauti yake haikuwa tamu tena.

"Ngoma ya Paa, bwana. Anamleta mkewe."

Lakini Chui aligeuka. Alitazama mlangoni, na mlango haukuwepo. Palikuwa na maji meusi tu, yanapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Akaelewa. Akageuka kumtafuta mtoto.

*TU! TU!*

Chepesi akaruka. Aliruka kwenye gamba la chaza, likamchana, akaruka kwenye jingine. Wale wapangaji wadogo wakawa ngazi. Kucha zikaja nyuma yake, *shaa!*, zikabandua magamba. Akaruka tena. Pua ikatokea tunduni, mama akaiuma akavuta, kichwa kikatoka, tumbo likatoka. *Shaa!* Ncha ya mkia ikabaki ndani.

"Dalali!" alinguruma Chui. "Fungua mlango!"

Bi Sange alikuwa amemlalia mwanawe. Ndipo bahari ikapiga hodi yenyewe. *Puuu!* mara ya kwanza. *Puuu!* mara ya pili. *Puuu!* mara ya tatu, na maji yakaruka kupitia tunduni mpaka juu, yakawalowesha.

Baada ya hapo hapakuwa na sauti ya mtu.

Wengine husema alizama. Wengine husema hakuna aliyeona mzoga, na kwamba yumo bado, anasubiri jirani zake. Mimi sijui. Najua tu kwamba siku za bamvua, ukipita juu ya jabali lile, utasikia chini ya miguu yako kitu kinanguruma, kama kinasema *karibu, ingia mpaka ndani*. Usijibu.

Bi Sange alimchukua Chepesi wakaenda Bondeni. Akasimama penye kibanda cha Bibi Bata.

"Hodi," alisema.

"Hodi."

"Hodi."

Kisha wakarudi walikotoka, kama desturi inavyotaka.

Na funzo la hadithi hii, watoto wazuri, ni hili. Kusema uongo ni vibaya, angalieni Bi Sange, uongo ulimletea nini? Ulimrudishia mtoto tu. Na nyinyi mkikua mkahamia kisiwa cha watu, mkitaka mtaa wa kukaa mwaka mzima, msihangaike kuuliza majirani. Muulizeni dalali. Dalali hasemi uongo hata siku moja.

Hadithi nimeifunga, mlango sijaufunga. Ikiwa imewapendeza, tugawane. Ikiwa imewatisha, mwacheni nayo Chui, anayo nafasi huko aliko.