Penseli ya Kalenga

Hapo zamani, si zamani ya mababu, zamani ya juzi tu, palikuwa na mchora katuni mjini Morogoro, Kalenga, na watu walimcheka Shangazi Ndimu, mhusika wa katuni zake, mpaka wakashika mbavu.

Kalenga alichora kwa penseli. Rafiki yake Mbega akapita juu kwa wino, kisha akaifuta penseli yote, ndivyo kazi yao ilivyokwenda. Vichekesho vilitoka kwa Mloka kinyozi. Na ule mdomo uliobetuliwa wa Shangazi Ndimu? Wa Siwema, mke wa Kalenga. Alimnunia makusudi ili amchore.

Homa ya siku tatu ikamuua Kalenga. Ukabaki ukurasa mmoja, wa penseli tu bila wino, kisanduku cha mwisho cha katuni hakina kitu.

Siwema akauficha chini ya godoro la mtoto. Mtoto ana miezi minne, hatamjua baba, na yeye Siwema ameanza kuisahau sauti ya mumewe, anaogopa, anaogopa mno, ile mistari anaitazama tu, hathubutu kuigusa.

Mbega akaja. "Shemeji, nipe niupige wino. Miaka tisa sijaacha ukurasa wake uchi. Wasomaji wanauliza."

"Ukipiga wino utaifuta penseli yake!"

"Nisipopiga itafutika yenyewe. Mwenyewe umeona, godoro limeshafuta kiwiko cha Shangazi Ndimu. Na fotokopi si tulijaribu, ikatoka nyeupe?"

Mloka naye akaja, chanuo bado mkononi. "Na mimi je? Mwisho wa kichekesho hiki ninao mimi. Nilimwambia nikimnyoa, akacheka mpaka nikamkata sikio! Akasema, 'Hiki, Mloka, jina lako litakaa juu ya ukurasa.'"

"Basi niambie huo mwisho, kaka," akasema Siwema.

"Nitauandika pale kwenye kisanduku. Siupotezi hewani."

Siwema akanuna. Wote wawili wakarudi nyuma hatua moja, maana Shangazi Ndimu huyo hapo, kasimama mbele yao na mtoto mgongoni.

"Vitabu vyote vilivyochapwa ni mkono wako, Mbega," akasema. "Mkono wake mimi ninao huu tu."

Mbega akatazama pembeni. "Na huyu akikua, shemeji, utamwonyesha nini? Karatasi nyeupe?"

Haya, nyie mnaonisikiliza. Yupo mwenye wino, yupo mwenye mwisho wa kichekesho, yupo mwenye uso na hamu isiyolala. Jibuni upesi, penseli inafifia: je, ukurasa ule aliustahili nani?