Mtoto wa Namsifu Aitwe Nani?

Hapo zamani, wala si zamani za fisi kusema, ni zamani hii hii ya zahanati na mabati, milimani Upare palikuwa na mfinyanzi, Bibi Nakiete. Akaanza kusahau. Akasahau njia ya kisimani, akasahau moto, kisha akaanza kuingia majikoni mwa watu: anafunua chungu, anaonja, anatia chumvi. Aliona kila chungu ni chake. Na hakukosea sana, maana vyungu vya kijiji kizima alivifinyanga yeye!

Majirani hawakucheka. Mtu asiyealikwa kugusa chungu chako kikiwa motoni si jambo dogo huko. Wakanong'ona: "Huyu mchawi. Aondoke." Binti yake Namsifu akaogopa kufukuziwa mama.

Akampeleka zahanati kwa Tabibu Eliwaza. Tabibu alizijua dalili za maradhi, lakini neno akalimeza. "Ni uzee tu, Bibi. Endelea na udongo wako." Bibi akarudi anaimba, akafinyanga kwa raha mvua hadi mvua. Minong'ono nayo ikakomaa. Asubuhi moja wakamtupia mawe, moja likampata begani.

Namsifu akampeleka mjini kwa Daktari Sekela. Daktari akamwuliza leo siku gani, akamwambia achore saa, akampima. Kisha akasema waziwazi: "Bibi, una ugonjwa wa kusahau. Uko kwenye ubongo. Dawa ya kuuponya hakuna." Akamwita mgonjwa mwingine, foleni ilikuwa ndefu. Namsifu akawatangazia majirani, nao wakaangusha mawe. "Kumbe maradhi! Pole, mama." Lakini Bibi naye alisikia. Akaacha udongo, akakaa kuutazama ukuta. Iliuma, jamani.

Ndipo akaja Muuguzi Mboni. Akapita jiko kwa jiko: "Mama, Bibi akija mpe kijiko aonje. Akimaliza, mshike mkono umrudishe." Na Bibi alipouliza, "Mume wangu yuko wapi?" Mboni, aliyejua fika kwamba mzee alishazikwa, alijibu, "Yuko shamba, Bibi, anakuja." Bibi akatulia, akala, akacheka tena.

"Dada Mboni, unamdanganya mama yangu," Namsifu akasema.

"Nikimwambia kafa, atafiwa upya kila siku. Wewe ungemwambia?"

Namsifu akaenda kumpakulia mama chakula.

Baadaye akajifungua mtoto wa kike. Bibi akampakata, akasema, "Apewe jina la yule aliyenisaidia."

"Yupi, mama?"

"Yule," akasema, akaendelea kumbembeleza mjukuu.

Wakaitwa wote watatu waliomhudumia.

Eliwaza akasema, "Mimi nilimpa mvua zake za mwisho za kufinyanga. Lile neno lingemkata mikono mapema."

Sekela akasema, "Na kimya chako kikamletea mawe. Mimi ndiye niliyemwokoa. Maiti haonji mboga."

Mboni akasema, "Ukamwacha hai, anatazama ukuta. Mimi nilimrudisha kwa watu."

"Kwa uongo," akasema Sekela.

"Haya, tuko waongo wawili hapa," Mboni akajibu, "na mkweli mmoja ambaye hakurudi kumjulia hali."

Namsifu akawatazama mmoja mmoja, akashindwa kuchagua.

Sasa ninyi mnaonisikiliza, msinijibu kwamba apewe majina yote matatu, hiyo ni njia ya mvivu. Bibi alimtaja mmoja, na yeye mwenyewe hamkumbuki tena. Mtoto analia, hana jina. Je, nani alistahili?