Aliyefagia Chini ya Bawa

Mtu mmoja aliokolewa na ndege. Jina lake Lameck Sendoro, na siku hiyo alikuwa askari kijana, amelala kifudifudi kwenye matete ya ukingo wa mto, risasi zimemwishia na adui wanajiandaa kuvuka. Ndipo ndege ilipotokea upande wa jua. Ilishuka chini sana, ikapiga ng'ambo ya mto, ikageuka, ikapiga tena. Kulipotulia, Sendoro aliinuka akiwa hai. Akarusha kofia yake juu, akashangilia pamoja na wenzake.

Vita vikaisha, ndege ikazeeka, na jeshi likaiacha kwenye uwanja wa zamani nje ya mji, karibu na kiwanda cha pamba kilichofungwa. Sendoro alipostaafu aliomba apewe aitunze. Akakusanya watu wa kujitolea, walimu wastaafu na mafundi wa gereji, wakajenga ua, wakapaita mahali pale makumbusho. Mbele ya pua ya ndege akasimamisha ubao alioandika mwenyewe: HII NDIYO ILIYOWAPEPERUSHA ADUI KAMA MAKAPI.

Mwanzoni aliipangusa kila asubuhi. Baadaye akatambua kwamba watu hupenda kusikia habari za ndege kuliko kuishikia ndoo. Akaalikwa shuleni, akaalikwa kanisani, akaalikwa kwenye sikukuu za taifa. Akawekewa kiti cha mbele na kufunguliwa soda ya kwanza. Kadiri simulizi yake ilivyonoga, ndivyo mguu wake ulivyoadimika uwanjani. Wenzake walipoona mkubwa wao haji, nao wakaanza kupungua. Huyu alikuwa na shamba, yule alikuwa na mgonjwa. Turubai likachanika, mvua ikaingia, kutu ikala maungio ya mabawa. Nyuki wakajenga ndani ya injini. Kuku wa jirani akataga kwenye kiti cha rubani. Sendoro aliyajua hayo yote. Akija na mgeni alimsimamisha mbali kidogo, upande ule ambao rangi ilikuwa bado imeshika.

Kiangazi kimoja akaja mwanamke mtu mzima, mgeni mjini, aliyekuwa akiuza dagaa sokoni. Aliitwa Felesta. Alimwomba Sendoro ruhusa ya kuiosha ile ndege. Sendoro akamuuliza anataka ujira gani, naye akasema hataki kitu. Basi Sendoro akamdhania ni mmoja wa wale watu wa dini wanaotafuta thawabu kwa kila njia. Akamwonyesha bomba la maji, akarudi kivulini. Hakumuuliza ametoka wapi.

Felesta alianzia ndani, mahali ambapo hakuna anayepaona. Alitoa mayai ya kuku akampelekea jirani mwenye kuku. Akafukiza moshi mpaka nyuki wakahama. Akakwangua mavi ya popo kwa kisu, akasugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, akajifunga kitambaa akaendelea. Mafundi wa gereji waliokuwa wakipita njia ile walimwona juu ya ngazi, khanga ameikaza kiunoni, wakaona haya. Wakarudi, kwanza mmoja na nyundo yake, kisha wengine na vipande vya bati. Sendoro naye akarudi, amebeba kiti, akawa anaelekeza.

Siku moja aliona jinsi mkono wa mama yule ulivyotulia kwenye brashi. Akamwambia apitie maandishi ya ubao, maana yalikuwa yamefifia. Felesta aliutazama ubao kitambo. Kisha akachovya brashi, akapitia herufi moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Sendoro akamsifu kwamba ana mwandiko mzuri.

Ikafika siku ya kuukumbuka ushindi wa pale mtoni. Wakaja viongozi wa wilaya, wakaja wanafunzi na kwaya. Ndege iling'aa kama imetoka kiwandani. Sendoro akashika kipaza sauti, akasimulia, na watu wakapiga makofi mahali walipozoea kupiga. Mwishoni, akitaka waone jinsi kazi yake inavyowavuta hata wageni, alimwita Felesta mbele. Mama akakataa kwa kichwa. Sendoro akamfuata, akamshika mkono, akamleta katikati ya watu, akamuuliza ni kitu gani katika historia ya ndege hii kilichomgusa moyo.

Felesta akasema kwa sauti ndogo:

"Mzee, mimi natoka ng'ambo. Kaka yangu Petero alikuwa mpishi wa kile kikosi kilichopigwa pale mtoni, na maji yalimchukua. Hatuna kaburi la kufagia. Ndege hii ndiyo kitu cha mwisho alichokitazama, basi nimekuja kufagia hapa."

Hakuna aliyepiga makofi. Sendoro aliugeukia ubao. Neno lile, makapi, lilikuwa limekolea rangi, na mkono uliolikoleza ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Akauachia. Akakumbuka kofia aliyoirusha. Uso ukamuwaka kama wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mtu mmoja akaja akamtoa kipaza sauti mkononi taratibu. Yeye aliyeokolewa alikuwa ameiacha ndege iwe kiota cha kuku, na aliyefiwa ndiye aliyeisafisha.

Wageni walipoondoka walikuwa wamedondosha maganda ya karanga na chupa kila mahali. Sendoro alimkuta Felesta ameshainama chini ya bawa na ufagio. Akapiga magoti, magoti yaliyokuwa yameshakataa kukunjika, akaanza kuzoa maganda kwa mikono. Akamwomba msamaha. Felesta hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Alisogea kidogo, ili mzee apate nafasi chini ya bawa.

Kesho yake Sendoro aliung'oa ubao. Hakuandika mwingine, kwa sababu hakujua aandike nini. Alimwomba Felesta amvushe mto, akaenda naye nyumba kwa nyumba kwa wale waliofiwa pale mtoni, akauliza majina ya watu wao. Nyumba nyingine walimpa kigoda. Nyumba moja walimfungia mlango, naye akasimama nje mpaka jua lilipokaribia kutua, kwa kuwa aliona amestahili kufungiwa. Tangu hapo watu wakimwomba asimulie jinsi alivyookolewa, huwapa kitambaa na ndoo, akawaomba waanzie ndani.

Nanyi mnaopenda kusimulia siku mliyookolewa, mmewahi kuuliza ni nani aliyekuwa ng'ambo ya mto?