Pilipili, Siyo Wali

Hapo zamani, katika milima yenye ukungu, paliondokea mhunzi aliyeitwa Senkondo. Mkewe aliitwa Nakijwa. Hawakujaliwa mtoto, lakini waliishi kwa kupendana.

Siku moja Senkondo alishuka bondeni kutafuta chuma, akakamatwa na watu wa mtemi wa huko. Mtemi akamwambia, "Utanifulia mikuki." Senkondo akafua, maana angekataa angekufa. Ila kila mkuki alioufua alijua unakwenda kuchoma watu wa kwao.

Ikatokea mjane wa kijijini kwake, Namkunda, akafika bondeni kuuza chumvi. Senkondo akaomba ruhusa atume salamu nyumbani. Mtemi akakubali, lakini salamu zisemwe mbele yake.

Senkondo akasema, "Mama, waambie nyumbani nimepata wakwe wengi. Mwezi ukiandama watapanda kumchukua bibi harusi wetu. Wapokelewe kwa pilipili, siyo wali."

Mtemi akacheka. Akaona mhunzi amechanganyikiwa.

Namkunda naye hakuelewa. Alipanda mlima akiyarudia maneno yale kama wimbo. Njiani aliona aibu: wakwe gani hupewa pilipili? Akataka kusema "wali", ili asimwaibishe jirani yake. Kisha akajiambia, "Maneno si yangu. Nitayafikisha kama nilivyopewa." Akayafikisha.

Nakijwa aliyasikiliza hadi mwisho. Kisha akamwita Mbazi, mdogo wa mumewe.

"Shemeji," akasema, "mume wangu hana dada, nasi hatuna binti. Bibi harusi ni nani?"

"Labda amemwahidi mtu binti yangu."

"Hawezi kumwoza mtoto wako bila kukuuliza. Bibi harusi ni ng'ombe wetu, maana hatuna kingine cha kupandiwa mlima. Wakwe ni maadui. Tunavamiwa."

Mbazi akatikisa kichwa. "Kaka hana mafumbo. Kasema pilipili, nami nitaandaa pilipili."

Nakijwa akapita nyumba kwa nyumba akiwaeleza watu. Wakamwamini, wakaziba njia kwa miiba, wakaweka walinzi kwenye genge, pale ukingoni njia ya bondeni inapopandia. Mbazi naye akapita nyumba kwa nyumba, akiomba pilipili kavu. Watu wakampa huku wakimwonea huruma. Akajaza vikapu, akavipeleka gengeni, akawasha moto na kuinjika chungu, awangoje wakwe.

Mwezi ukaandama. Alfajiri wakatokea watu wa bondeni, mikuki mikononi. Walinzi walikuwa na fimbo na mawe tu, kwani mhunzi wao hakuwepo. Walijitahidi, lakini wakaanza kurudi nyuma. Mbazi alipoona wakwe wamekuja na mikuki, akaelewa. Akavipindua vikapu vyote motoni. Upepo ulikuwa ukishuka bondeni. Moshi ukawaingia maadui machoni na kooni, wakaangusha silaha, wakaketi chini wakikohoa kama watoto. Hakufa mtu. Wengi walitekwa, na mtemi, ili arudishiwe watu wake, akamwachia Senkondo.

Senkondo aliporudi alisimuliwa yote. Mbazi akamuuliza, "Kaka, pilipili ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha vita," akasema Senkondo. "Pilipili ya chungu sikuiwaza kabisa."

Mwaka ule mfereji mpya ulikuwa umefika kijijini. Wazee wakaamua kwamba nyumba ya aliyeokoa kijiji ipate maji ya kwanza kila kiangazi, yeye na wajukuu wa ukoo wake. Nyumba moja tu, kwani maji yalikuwa machache.

Namkunda akasema, "Ningebadili neno moja, Nakijwa angefumbua nini, na Mbazi angechoma nini?"

Nakijwa akasema, "Maneno yalifika, lakini bila mimi yangebaki salamu za harusi. Moto wa Mbazi ungewaka peke yake, pasipo mlinzi hata mmoja wa kuwazuia maadui wasimkanyage."

Mbazi akasema, "Shemeji alielewa, sikatai. Lakini kuelewa kwake kulikuwa kumeshaanza kurudi nyuma. Mimi nilimtii kaka yangu neno kwa neno, na kilichotuokoa ni pilipili."

Wazee wakamgeukia Senkondo awaamulie. Senkondo akamtazama mkewe, akamtazama nduguye, akamtazama yule mjane. Akasema hawezi.

Basi nyinyi mliosikiliza, jembe la kufungulia mfereji tunawakabidhi. Je, maji ya kwanza mngeyaelekeza shamba la nani?