Asali Iliyozuiwa Hotelini

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura na fisi, nasema zamani hii ya karibu, lifti zilipokuwa zimeshafika nchini lakini hazijazoea kupanda, palikuwa na hoteli kubwa katika jiji kubwa. Ghorofa kumi na moja. Jina lake silitaji, maana hoteli ile ina mwanasheria.

Na mbali na jiji lile, huko Unyamwezini kwenye misitu ya miombo, palikuwa na akina mama arobaini warina asali, na mwenyekiti wao aliitwa Nyamizi. Mwaka ule serikali ya kijiji iliwaambia hivi: mkipata mnunuzi wa asali kabla ya mvua, msitu ni wenu. Msipopata, tunawagawia wachoma mkaa. Tangazo likabandikwa, likapigwa muhuri, likapigwa muhuri wa pili juu ya ule wa kwanza, kwa usalama.

Ikaja habari kwamba wanunuzi wakubwa wanakutana katika hoteli ile. Kila kikundi kilete asali yake, ionjwe, na itakayopendeza kupita zote itanunuliwa miaka mitano mfululizo. Akina mama wakakaa kikao.

"Nyamizi asilale gesti," alisema mmoja. "Ataamka na kunguni, asimame mbele ya wanunuzi anajikuna."

"Alale palepale hotelini," wakasema wengine. "Aoge maji ya moto. Atoke anameremeta."

Wakachanga. Nyamizi akarina asali kutoka mzinga mmoja tu, ule wa mti mkubwa kuliko yote, akaijaza ndoo ndogo yenye mfuniko, akasafiri.

Mlangoni mwa hoteli mlinzi akainusa ndoo.

"Mama, humu mna nini?"

"Asali."

"Asali ni chakula?"

"Kwani kwenu mnaoshea magari?"

Mlinzi hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye ubao wa shaba ukutani. Kanuni ya Kumi na Nne: Mgeni wa hoteli haruhusiwi kuingiza chakula cha nje. Ndoo ikabebwa hadi stoo ya vitu vilivyozuiwa. Nyamizi akapewa karatasi, na nakala ya karatasi, na karatasi ya kuthibitisha kwamba amepokea nakala.

Akaenda mapokezi.

"Utarudishiwa kesho saa nne, mama, ukishakabidhi chumba," alisema dada wa mapokezi.

"Mwanangu, kesho saa tatu inaonjwa."

"Ingependeza ionjwe saa tano."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Fomu ya msamaha. Anaitoa meneja."

"Yuko wapi meneja?"

"Yuko kwenye semina, mama, mpaka kesho mchana."

"Semina ya nini?"

"Ya huduma bora kwa wateja."

Na jambo lililomuuma zaidi ni hili. Vikundi vingine thelathini na tisa vilikuwa vimelala kwenye gesti za uchochoroni, na asali zao ziliingizwa kwa mlango wa mikutano bila kuulizwa neno. Hao hawakuwa wageni wa hoteli, kwa hiyo kanuni za wageni hazikuwahusu. Ni Nyamizi peke yake aliyekuwa na heshima hiyo.

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya kumi. Lifti ilimfikisha ya tatu, ikapumzika, naye akapanda ngazi zilizobaki. Bomba lilikohoa mara mbili, likatoa tone moja la rangi ya chai, likanyamaza. Dirisha lilitazama ukuta wa hoteli nyingine. Kitandani palikuwa na kadi: Maoni yako ni hazina kwetu. Kalamu haikuwapo.

Asubuhi, saa moja, mlango ukagongwa. Aliyegonga ni Zamda, mhudumu wa vyumba, mwanamke wa miaka hamsini na magoti yasiyopenda ngazi. Zamu yake ilikuwa imekwisha. Alikuwa anachukua mashuka ya mwisho arudi kwake.

"Hodi. Mashuka, dada yangu... Ee, mbona kitanda hakijalaliwa? Umelia wewe."

"Sijalia."

"Mimi nafua foronya za hoteli hii miaka kumi na moja. Machozi nayajua."

Nyamizi akamweleza yote, msitu na mkaa na ndoo na semina. Zamda akayaweka mashuka chini.

"Wanaandika majina ya asali mpaka saa ngapi?"

"Saa mbili kamili orodha inafungwa."

"Basi vaa viatu."

Wakashuka ghorofa kumi kwa miguu, na chini ya hizo kumi ipo nyingine isiyohesabiwa, ndiko iliko stoo. Mtunza stoo aliitwa Mzee Chilongani. Miaka ishirini na tisa hakuwahi kutoa hata kijiko bila sahihi, na Ijumaa ya wiki ileile alikuwa apewe cheti cha Utumishi Bila Dosari mbele ya wafanyakazi wote, kisha astaafu. Mkewe alikuwa ameshapigilia msumari sebuleni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Fomu iko wapi?"

"Hakuna fomu, Mzee Chilongani. Kuna mama analia."

"Machozi hayana namba ya kumbukumbu, Zamda."

"Mzee, kanuni yenyewe inasema chakula cha nje. Hii haiji kuliwa, inakwenda kuonjwa."

"Kuonja ni kula kidogo."

Nyamizi akasogea kwenye kidirisha cha stoo. "Baba, mimi sikulaumu. Na mimi kwetu ni mtu wa taratibu, mzinga wa mtu siugusi. Nakuomba uniambie tu: wewe ungekuwa mimi, ungerudi kwa wenzako thelathini na tisa na maneno gani?"

Mzee Chilongani akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akafungua daftari kubwa. Akaandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku zote: Ndoo moja, asali. Imetolewa saa moja na dakika hamsini. Idhini: hakuna. Aliyetoa bila idhini: mimi. Akatia sahihi, akagonga muhuri, akaisukuma ndoo nje.

"Wewe Mzee!" alisema Zamda. "Kwani lazima uandike? Nani angejua?"

"Daftari lingejua. Kimbieni, mnanipotezea kosa langu."

Wakakimbia, kama magoti yale yanavyokimbia. Ukumbi wa mikutano ulikuwa ghorofa ya pili. Walifika saa mbili na dakika nne. Karani wa orodha alikuwa anafunika kalamu.

"Orodha imefungwa."

"Dakika nne tu, kaka!"

"Ingekuwa dakika moja pia ningesema hivyohivyo, kwa hiyo msione nimewaonea."

Zamda alikaa kwenye ngazi na hakuweza kuinuka tena. Nyamizi akabaki amesimama kwenye ujia na ndoo mkononi. Mlango wa jiko ukafunguka, akatoka mpishi mkuu, Shemhilu, mtu mnene wa maneno mengi.

"Nani kanizibia njia na ndoo? Wanunuzi wameketi kifungua kinywa, maandazi yangu yanapoa! Ina nini hiyo?"

"Asali iliyokosa pa kwenda," alisema Zamda kutoka kwenye ngazi.

Shemhilu akafunua mfuniko. Akachovya kijiko, akalamba, akachovya tena.

"Mama, unajua humu nawapa watu nini? Maji ya sukari yenye rangi, yanakuja kwenye vipakiti."

"Na vipakiti vimeandikwaje?"

"Vimeandikwa asali. Nina aibu nayo mwaka wa sita huu. Lete ndoo."

"Chakula cha nje hakiruhusiwi," alisema Nyamizi kwa uchungu. "Nimesomeshwa hiyo kanuni vizuri."

"Nje ni wapi? Kikishaingia bakuli langu ni chakula cha ndani. Lete, usinicheleweshee maandazi."

Akaimimina kwenye mabakuli, ikapelekwa mezani. Mkuu wa wanunuzi, mama mmoja wa miwani, alikuwa na hasira za peke yake, kwani naye alilala ghorofa ya kumi, na bomba la kwake halikukohoa hata kukohoa. Akachovya andazi, akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Asali hii ya wapi?"

"Ya hoteli, mama," alijibu mhudumu wa meza.

"Ya hoteli! Hoteli iliyoshindwa kunipa maji imepata wapi asali?"

Akaitwa Shemhilu. Sasa angalieni hapa. Wanunuzi wote wanamtazama, wanalamba vidole, wanangoja jina. Angeweza kusema ni ya jiko langu. Akasema: "Mwenyewe amesimama kwenye ujia, mama. Orodha yenu imemfungia."

Orodha ikafunguliwa. Ilibainika kwamba ilikuwa inafunguka. Saa tatu zikaonjwa asali zote arobaini, kwa haki, kijiko kwa kijiko na maji katikati. Mama wa miwani akamaliza mstari mzima, akarudi, akasimama mbele ya ndoo ndogo.

Mkataba ukawa miaka mitano. Tangazo la mkaa likabanduliwa, mihuri yote miwili.

Ijumaa cheti cha Utumishi Bila Dosari kilitolewa, kwa mtu mwingine. Mzee Chilongani alipewa barua ya onyo, siku chache kabla ya kustaafu, na ushahidi wote ulitoka kwenye daftari lake mwenyewe. Msumari wa sebuleni wakautundikia kalenda.

Sasa, kule misituni ipo desturi. Kila mzinga huchomwa alama ya mwenyewe. Mwenye alama ndiye mwenye asali ya kila msimu, hata akiwa mbali. Watamrinia, watampelekea, na akifa wanawe watapelekewa. Na alama ni moja tu. Waliwahi kuwapo ndugu wawili waliochoma alama mbili kwenye mzinga mmoja. Kesi yao ilipita mabaraza matatu, na mchwa waliumaliza mzinga kabla ya hukumu. Akina mama wakaamua kwamba mzinga ule uliotoa asali ya ushindi apewe mtu aliyewaokolea msitu. Nyamizi akarudi jijini kutia sahihi mkataba. Safari hii alilala gesti. Maji yalitoka. Akawakuta watatu wale kwenye mgahawa wa wafanyakazi nyuma ya hoteli. Mzee Chilongani, mstaafu sasa, alikuja kwa mwaliko, kavaa tai.

Aliposikia habari ya mzinga, Zamda alikuwa wa kwanza.

"Jamani, tusizungushane. Nani aligonga mlango? Wafanyakazi wa hoteli hii mia mbili, waliomwona mama huyu na ndoo yake ni wengi. Aliyemuuliza una nini ni mimi tu. Zamu yangu imekwisha, miguu inauma, nikashuka ghorofa kumi na moja. Nisingeuliza, Mzee angekuwa na cheti chake na wewe Shemhilu ungekuwa na vipakiti vyako."

"Umeuliza, ndiyo," alisema Mzee Chilongani taratibu. "Lakini kuuliza kulikugharimu nini? Magoti, na magoti yamepona. Mimi nilikuwa na kitu kimoja nilichokijenga miaka ishirini na tisa. Nilikitoa kwa kidirisha kile pamoja na ndoo, na sikupewa risiti."

"Mzee, hiyo ya daftari ulijitakia!" alidakia Shemhilu.

"Nilijitakia. Ndiyo maana ni yangu."

"Basi nisikilizeni mimi," alisema mpishi. "Nyie mmehangaika, poleni sana, na ndoo ikaishia wapi? Kwenye ujia! Saa mbili na dakika nne, imefungiwa nje. Huruma ya Zamda imegonga mwamba, kosa la Mzee limegonga mwamba. Nani aliifikisha mdomoni mwa mnunuzi?"

"Wewe ulipoteza nini?" aliuliza Zamda.

"Sikupoteza kitu. Na nililamba vijiko viwili, sikatai. Lakini msitu umesimama kwa maumivu yenu au kwa maandazi yangu?"

"Na kama ungesema ni ya jiko lako?"

"Si sikusema!"

Wakacheka wote, hata Mzee, na katikati ya kicheko ikaletwa bahasha yenye nembo ya hoteli. Meneja alikuwa amepata habari. Nyamizi akaisoma kwa sauti.

"Kuhusu: Madai ya Mzinga. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Iwapo Kanuni ya Kumi na Nne isingetekelezwa kikamilifu, asali tajwa ingewekwa mezani pamoja na nyingine thelathini na tisa, ikaonjwa na ulimi uliochoka. Ni kutokana na katazo la ofisi hii kwamba ilionjwa ya kwanza, peke yake, na andazi la moto, na mtu aliyekasirika. Ofisi inaomba kufikiriwa."

Wakacheka mpaka Shemhilu akashika meza. Kisha kicheko kikapungua, kikaisha, wakatazamana. Maana hapakuwa na aliyeweza kusema ni uongo.

Nyamizi akarudi kwao hana jibu. Akina mama wakabishana siku tatu. Wapo waliosema aliyeona kwanza, wapo waliosema aliyepoteza zaidi, wapo waliosema aliyefanikisha. Bibi mmoja mzee sana alisema apewe meneja, wakadhani anatania, hakuwa anatania.

Na sasa hivi, ninapowasimulia, nyuki wamehamia kwenye maua ya upande wa pili, mzinga umeshushwa, umelazwa kwenye majani. Miti imesimama pande zote, mizima. Nyamizi amechuchumaa, chuma kimewekwa motoni, kimeiva chekundu, ameshakishika kwa kitambaa. Kikipoa atakirudisha, lakini mvua inakuja na mzinga lazima upande juu leo.

Haya, ninyi mliokula asali na ninyi mliolala hotelini: Zamda aliyeuliza, Mzee Chilongani aliyeandika, Shemhilu aliyemimina, au yule aliyekataza? Je, achome alama ya nani?