Kikapu cha Ufuta

Sogeeni karibu, nyie, na mlango mfunge, maana ninachosimulia kina zimwi.

Zimwi lilimmeza mtoto wa Somoe, mtoto wa kunyonya, halafu likamtupia mama kikapu.

"Kijaze ufuta wa msimu mmoja, nitamtapika mwanao. Nakupa misimu mitatu tu."

Msimu wa kwanza Somoe akamwaga mbegu nyingi ovyo, miche ikasongamana, ikarefuka bila kuzaa, kikapu hakikufika hata nusu.

Zimwi likacheka. "Bi mkubwa, kumbe unalima majani!"

Msimu wa pili akapanda kwa mistari, akapunguza miche, ufuta ukazaa kweli kweli. Lakini akauacha ukaukie shambani kama mahindi, na siku ya kuukata akakuta maganda yameshapasuka, mbegu ziko chini, sisimizi wanabeba.

Zimwi likajipiga tumbo. "Sisimizi wanakushukuru. Na huyu humu ndani anakua."

Msimu wa tatu, Somoe hakungoja. Maganda ya chini yalipoanza tu kuwa ya njano akakata, akafunga mafungu, akayasimamisha juu ya mkeka wiki mbili yakauke, kisha akayapindua, akayagonga. Mbegu zikamwagika mkekani, kikapu kikafurika.

Zimwi likanuna, likatapika. Mtoto akatoka akitembea kwa miguu yake, akamtazama Somoe.

"Shikamoo. Wewe nani?"

"Marahaba. Mimi ndiye niliyekuwa nakulimia."

Akamshika mkono wakaenda kwao, na hadithi yangu ikaingia nao ndani.