Ngano Inayoelea

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa jasho kiganjani!"

"Lifute, utuhadithie!"

Hapo kale, mto ulipokuwa na maji matamu kama maziwa, palikuwa na kiboko kijana jina lake Jilo. Alikuwa na moyo mzuri. Akimwona kifaranga wa bata amechoka kuogelea, humbeba mgongoni. Lakini alitoka jasho, na si jasho la mchezo. Akisalimiwa, jasho. Akiulizwa habari za nyumbani, jasho. Akitajiwa Mwanatumu, binti Mzee Komora, hapo jasho humwagika mpaka ukingo wa mto ukateleza. Na jasho la kiboko, mnalijua, ni jekundu.

Jilo na Mwanatumu walipendana. Posa ikakubaliwa, ikabaki ndoa. Desturi ya viboko ni hii: bwana harusi humshika mkwewe mkono, akasema "nimekubali" mara tatu. Mkono ukiteleza kabla ya neno la tatu, ndoa nayo imeteleza.

Mara ya kwanza Jilo akasema, "Nimekubali," mkono ukateleza, chwii. Wageni wakala pilau, wakaenda zao. Mara ya pili akasema, "Nimekubali, nimekubali," chwii, na kanzu nyeupe ya Mzee Komora ikawa nyekundu.

Mzee akaitazama kanzu, akamtazama Jilo. "Mwanangu, ya tatu ndiyo ya mwisho. Sina kanzu nyingine."

Basi Jilo akamwendea Korongo, mganga aliyekuja na mkoba wa mizizi na majani kutoka Uchina. Tunaambiwa tutafute elimu hata Uchina. Hii ilikuja yenyewe, kwa miguu mirefu. Korongo akampima mapigo ya mshipa, akamkagua ulimi, kazi iliyochukua muda, maana ulimi wa kiboko ni jamvi. Kisha akasema, "Dawa yako ni ngano. Itie majini. Inayozama iache. Inayoelea ndiyo yako, uipate kila jioni."

Jilo akashukuru, akaenda mbio kwa Nguchiro, msimulizi wa pale mtoni, kumwuliza ngano zinapatikana wapi.

Nguchiro akakuna shingo. Akasema ngano kwake zimejaa tele, kazirithi kwa bibi yake, ila ulimi wake bila samaki haufunguki.

Jioni ya kwanza wakaingia majini. Nguchiro akala samaki, akasimulia ngano ya njaa kuu. Jilo akalia, akazama. Jioni ya pili akala samaki, akasimulia ukoo wa nguchiro tangu babu wa babu. Jilo akasinzia, akazama. Jioni ya tatu akala samaki, akasimulia ngano ya fisi aliyekwenda kuposa amevaa sufuria kichwani, ikamkwama machoni, akamposa mama mkwe. Jilo akacheka mpaka akaelea, tumbo juu.

"Ndiyo hiyo," akasema Nguchiro, mdomo umejaa. "Dawa yako ni fisi."

Ikawa kila jioni ni samaki na fisi, fisi na samaki. Nguchiro akanenepa. Jilo akachangamka. Jasho halikupungua hata tone.

Siku moja kabla ya harusi, jirani yao Bi Kobe akauliza kicheko hicho ni cha nini. Jilo akamweleza dawa aliyopewa. Bi Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, na gamba likatikisika kwa kicheko. Kisha akachungulia, akaona macho ya Jilo yanalengwalengwa na machozi, akaacha kucheka.

"Ngano ya mkate, baba," akasema polepole. "Ya kuchemsha."

Akatoa ngano aliyowawekea wanawe kwa maandazi, akaitia majini, akachota iliyoelea, akaichemsha, akamnywesha. Akamwambia dawa haina haraka, anywe kila jioni, asitarajie muujiza kesho. Jilo kusikia "kesho" tu, jasho.

Ile ngano iliyozama Bi Kobe hakuitupa. Akaisaga, akaufunga unga kwenye jani, akampelekea Mwanatumu. Wakanong'onezana.

Siku ya harusi Mwanatumu akaubusu mkono wa babake, akauweka kati ya viganja vyake, akaupapasa sana. Mzee akadhani ni mapenzi. Kweli yalikuwa mapenzi, pamoja na unga.

Jilo akaushika mkono. "Nimekubali." Jasho. "Nimekubali." Jasho. Kila mtu akabana pumzi, isipokuwa Nguchiro, aliyekuwa akitafuna.

"Nimekubali."

Mkono haukuteleza. Wala haukubanduka. Jasho lilikutana na unga, likawa donge. Wakavuta mara moja, wakavuta mara mbili, wakavuta mara tatu, wapi. Mzee Komora akala pilau yake ya harusi huku amegandana na mkwe, na Jilo, kwa aibu, akamsimulia ngano ya fisi. Mzee akacheka mpaka akapaliwa.

"Niliomba mkwe wa kunishika mkono uzeeni," akasema. "Sikusema tuanze leo."

Basi, wanangu, ukipewa dawa uliza inatumikaje, na ukiwa na jirani mwema, mshike mkono hata kama wako una jasho.

Mnaniuliza mbona kiboko anatoka jasho jekundu hadi leo? Alipokwisha kuoa aliacha kunywa dawa, akasema anapenda zaidi ile ya fisi.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikielea, inyweni. Ikizama, isageni. Na mwenye samaki, aniletee mimi.